Nati Inazunguka, Kisu Hakisogei: Kutibu Viungo Vilivyochakaa vya Randa za Zamani

Randa nyingi za chuma zilizotelekezwa chini ya meza za karakana hapa Mwanza hazijafa. Zimechoka kwenye viungo vitatu au vinne vidogo, vile vinavyopeleka mzunguko wa kidole chako hadi kwenye makali ya kisu. Mwili ni mzima na kisu bado kina chuma cha kunolewa miaka mingi. Lakini kwa kuwa nati ya shaba "haishiki", fundi anaiacha na kwenda kununua mpya ya bei rahisi, yenye chuma laini na uzi wa skrubu uliokatwa ovyo. Hiyo ni hasara ninayoichukia kuiona. Ukijua mwendo unapotelea wapi, matengenezo mengi ni kazi ya tupa, nyundo ndogo na pini moja.

Ninazungumzia randa za mtindo wa Bailey, yaani Stanley namba 4 na namba 5, Record za Sheffield, na nakala zake nyingi. Leonard Bailey alikuwa mbunifu wa Marekani. Kampuni ya Stanley ilichukua haki za ubunifu wake mwaka 1869, na Record wakaanza kutoa za kwao mwaka 1931 kwa mpangilio uleule. Kwa hiyo ukiielewa moja umezielewa karibu zote, ingawa vipuri vyake haviingiliani kila mara.

Tukubaliane majina kwanza, maana kila karakana ina yake. Kile kipande chenye mteremko wa nyuzi 45 ambacho kisu hulala juu yake nitakiita tandiko. Juu ya kisu kuna kifuniko, bamba lililofungwa kwa skrubu pana, lenye tundu dogo la mstatili. Juu ya vyote kuna kibanio chenye kitenzo cha kukandamiza kwa dole gumba. Nyuma ya tandiko kuna nati ya shaba yenye mfereji katikati, na ndani ya mfereji huo zimeingia ncha mbili za uma. Uma huo umeshikwa na pini, na ncha yake ya juu inapenya kwenye lile tundu la kifuniko. Nati ikisogea nyuma, inavuta ncha za chini za uma, ncha ya juu inasukuma mbele, na kisu kinashuka. Chini ya kisu, juu ya tandiko, kuna mkono wa kukisogeza kisu kulia na kushoto. Huo Stanley waliuongeza miaka ya 1880.

Nati inazunguka sana kabla kisu hakijaanza kusogea

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa kila mtu, na mara nyingi si ugonjwa. Randa hizi zilitoka kiwandani zikiwa na mchezo, yaani nati kuzunguka kidogo bila kukisogeza kisu. Nusu mzunguko ni kawaida, na hata mzunguko mmoja kamili unavumilika kabisa. Ukizidi mzunguko mmoja na nusu, hapo anza kutafuta.

Pima hivi. Zungusha nati mpaka uone kisu kinaanza kushuka, kisha weka alama ya kalamu juu ya nati. Rudisha taratibu mpaka kisu kianze kupanda, ukihesabu mizunguko. Huo ndio mchezo wote kwa jumla, na umegawanyika sehemu nne: uzi wa nati, mfereji wa nati na ncha za uma, pini ya uma, na ncha ya juu ya uma ndani ya tundu la kifuniko. Usikimbilie kulaumu uzi kwa sababu tu nati ndiyo unayoishika. Uzi ndio wa mwisho kuchakaa.

Ondoa kibanio, kisu na kifuniko. Shika nati na uivute mbele na nyuma bila kuizungusha. Ikicheza kuelekea kwako na kurudi, uzi umelika. Ikiyumba pembeni tu, iache. Sasa shika ncha ya juu ya uma na uitikise huku ukitazama chini. Kama ncha za chini zinagonga kuta za mfereji wa shaba na kuna mwanya unaouona kwa jicho, tatizo liko hapo. Kama uma mzima unacheza kwenye pini, utaona tundu la pini likipanda na kushuka. Mwisho, chukua kifuniko peke yake, kivike juu ya ncha ya uma, na ukisukume mbele na nyuma. Sehemu hii ndiyo ninayoikuta imelika kuliko zote kwenye randa za mafundi wa mitumbwi, kwa sababu wao hufanya kazi mchangani. Mchanga wa mwalo unaingia chini ya kisu, unakaa kwenye tundu la kifuniko, na kila marekebisho unafanya kazi ya msasa. Randa inayotumika Igombe au Ukerewe kando ya maji inataka kufunguliwa na kupigwa brashi kila wiki. Ile ya fundi wa vitanda ndani ya chumba inaweza kungoja mwezi.

Dawa inategemea ulichokuta. Ncha za uma zikiwa nyembamba, mpelekee fundi wa kuchomelea kwa gesi aweke tone la shaba juu ya kila ncha, kisha wewe mwenyewe utie tupa kidogo kidogo, ukijaribu kila mara ndani ya mfereji, mpaka iingie bila kubana. Usifanye ikabana kabisa. Uma huzunguka kwenye pini yake, kwa hiyo ncha hubadili pembe zinapotembea. Ukiziba mwanya wote, nati itakwama katikati ya safari. Ncha ya juu nayo hutibiwa hivyohivyo. Kama tundu la kifuniko lenyewe limekuwa duara badala ya mstatili, nenepesha ncha ya uma kwanza kabla ya kugusa kifuniko, maana uma ni rahisi kuutengeneza kuliko kuziba na kuchonga tundu upya.

Mfereji wa shaba ukiwa ndio uliopanuka, tazama ukingo wa upande wa tandiko. Huo ndio unaobeba mzigo kila unaposhusha kisu, na ndio hulika kwanza. Kata kipande cha bati la shaba la nusu milimita kwa umbo la herufi C, kichomeke ndani ya mfereji, na ukibandike kwa risasi ya kuungia kwenye ukingo uliolika. Kazi hiyo inadumu.

Pini ikicheza, itoe kwa kuipiga taratibu kwa msumari butu huku tandiko limeegemezwa juu ya ubao wenye tundu. Toboa tundu kwa biti iliyo kubwa hatua moja kuliko pini ya zamani, ukipita pande zote mbili kwa mkupuo mmoja ili matundu yasipishane. Chuma cha kumimina hutobolewa kikavu, bila mafuta. Kwa pini mpya, shina la biti iliyovunjika ni bora kuliko msumari, kwa sababu msumari ni laini.

Na hata kabla ya hayo yote, jenga mazoea haya: kila marekebisho yamalizie kwa kushusha, kamwe si kwa kupandisha. Ukitaka kisu kiinuke kidogo, kipandishe kupita kiasi, kisha ukirudishe chini mpaka pale unapopataka. Mbao inapokisukuma kisu nyuma, kitakuta uma tayari umeegemea nati, hakina pa kukimbilia. Fundi anayefanya hivi anaweza kutumia randa yenye mchezo wa mzunguko mzima na maranda yake yakatoka membamba na sawa siku nzima.

Nati inazunguka bure, kisu hakisogei kabisa

Angalia kwanza jambo rahisi: je, kifuniko kimekaa juu ya uma? Mara nyingi kisu kimerudishwa baada ya kunolewa na ncha ya uma haikuingia kwenye tundu. Inua, ukilaze tena, na usikilize kama kinazama mahali pake.

Kama kimekaa vizuri, uma umevunjika. Uma wa zamani ni wa chuma cha kumimina, mgumu lakini mkavu, na huvunjika kwa kitu kimoja: kuzungusha nati kwa nguvu huku kibanio kimekazwa kupita kiasi. Uma wa baadaye ni wa bamba la chuma lililokunjwa vipande viwili. Huo hauvunjiki, hupanuka ukaruka nje ya mfereji. Huu wa pili rudisha kwa koleo na ujaribu.

Uma wa kumimina uliovunjika ncha moja unaweza kuunganishwa kwa gesi na shaba. Usikubali uchomelewe kwa umeme kwa vijiti vya kawaida. Joto lake ni kali na la mahali pamoja; chuma cha kumimina kitapasuka pembeni mwa kiungo, pengine ukiwa bado hujafika nyumbani. Mwambie fundi wazi: "Kaka, hiki ni kitu cha kumimina, nataka shaba na gesi, na kipoe chenyewe, usikitie maji." Kama vipande vimepotea, chonga uma mpya kwa bamba la chuma laini la milimita 4, ukitumia uliobaki kama kielelezo. Ni kazi ya msumeno wa chuma na tupa, ya mchana mmoja, na uma huo hautavunjika tena kwa sababu chuma laini hupinda kwanza.

Nati inashika, kisha inaruka

Hapa ndipo uzi unapolaumiwa kwa haki: umeliwa. Sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoharibu randa nzuri.

Uzi wa nati hii, kwenye Stanley za kawaida, ni wa kushoto. Ukizungusha kwa mwendo wa saa, nati inatoka, hujaikaza. Watu wengi wameshika koleo wakijitahidi kufungua kwa njia ya kawaida, kumbe wanakaza, mpaka shina, ile skrubu ambayo nati inazungukia, likakatika. Pia kipimo chake ni cha zamani: kipenyo cha inchi 9/32, ambacho ni milimita 7.1 hivi, na meno 24 kwa inchi. Hakuna nati yoyote ya duka la vifaa mjini itakayoingia. Ukilazimisha nati ya milimita 7 au 8, umeua na shina pia. Record iko karibu na Stanley kwa sura, lakini nati ya randa moja ijaribu kwa vidole tu kwenye nyingine. Ikigoma baada ya nusu mzunguko, iache.

Njia ya kwanza ni kutafuta randa nyingine iliyokufa mwili, ya kuchinja. Nyingi huangukia kwa wanaonunua chuma chakavu, na ukiwazoea watakuwekea. Njia ya pili ni mkerezaji wa vyuma. Upande wa Nyakato humkosi. Kama shina ni zima, atakata uzi ndani ya nati mpya ya shaba kufuata shina hilo. Kama vyote viwili vimekwisha, mwache akereze shina na nati kwa pamoja, kwa uzi wowote unaowezekana kwa mashine yake, mradi mambo mawili yasibadilike. Uzi uwe wa kushoto, la sivyo kila fundi atakayeishika atashusha kisu akidhani anakipandisha. Na meno yakaribiane na milimita moja kwa mzunguko, kwa kuwa uzi mpana utafanya marekebisho madogo yashindikane. Mkabidhi vipande vya zamani mkononi. Ukimweleza kwa mdomo tu, atakata wa kulia, kwa sababu ndio anaoukata kila siku.

Kisu hakifiki chini hata nati ikiishia

Nati imefika mwisho na makali bado yako ndani ya mdomo wa randa, ule mwanya wa chini ambako kisu hutokea. Hakuna kilichochakaa kwenye nati. Tazama umbali kutoka makali ya kifuniko hadi lile tundu la uma. Kifuniko hiki huwa kinanolewa ukingo wake wa mbele ili kikae vizuri juu ya kisu, na baada ya miaka kinafupika. Kikifupika, tundu linakuwa karibu mno na makali, na uma hauwezi kusukuma mbali zaidi. Kifuniko cha randa ya mtengenezaji mwingine nacho huleta shida hiyohiyo kwa sababu tundu lake liko mahali tofauti. Dawa ni kifuniko kingine, au kulirefusha tundu upande mmoja kwa tupa ndogo na kujaza upande wa pili kwa shaba.

Hapa Kanda ya Ziwa kuna chanzo kingine, na kinastahili kusemwa: visu vya springi ya gari. Mafundi wetu wa vyuma wanajua kuzifua springi zikawa visu vikali sana, na mimi ninavipenda kwenye mbao ngumu. Lakini kisu cha Stanley kina unene wa milimita 2 hivi, na cha springi mara nyingi hutoka na 4 au zaidi. Kinapokaa juu ya tandiko, kinakiinua kifuniko, na ncha ya uma haifiki tena kwenye tundu, au inagusa kwa ncha tu na kuteleza. Kisha mdomo wa randa nao unaziba, maranda yanakwama. Mwambie mfua chuma akifanye chembamba, milimita 3 isizidi, au urefushe ncha ya uma kwa shaba. Usipanue mdomo wa randa kwa tupa kwa ajili ya kisu kimoja. Mdomo uliopanuliwa haurudi.

Kisu kinakata upande mmoja, na mkono wa kukisogeza hausaidii

Toa kisu na ukipime kwa skwea kabla ya kuugusa mkono. Mara nyingi kimenolewa mshazari, na hakuna mkono utakaokisahihisha.

Kikiwa sawa, utikise mkono. Ukilegea mpaka unaanguka kwa uzito wake, ribiti yake imelegea. Weka chini ya kichwa cha ribiti kipande cha chuma kilichobanwa kwenye jiliwa, kisha gonga upande wa pili kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, pigo jepesi mara chache, ukijaribu baada ya kila pigo. Unataka usogee kwa kidole na ubaki pale ulipouacha. Ukipiga sana, tandiko litapasuka, kwa hiyo hakikisha nguvu yote inashukia kwenye chuma kilicho chini ya ribiti. Pembe za tandiko zisibebe chochote. Kwenye ncha ya mkono kuna kijigurudumu kinachoingia kwenye mfereji mrefu wa kisu. Kikiwa kimepotea, kereza kingine cha chuma laini, upana wake uwe mdogo kidogo tu kuliko mfereji.

Kisu kinahama wakati wa kazi

Kibanio. Skrubu yake inatakiwa kukazwa kiasi kwamba kitenzo kinafungwa kwa dole gumba bila chombo, na baada ya kukifunga bado unaweza kuzungusha nati kwa vidole viwili. Kikilegea kuliko hapo, kisu kinatembea. Kikikazwa zaidi, unarudi kwenye uma uliovunjika. Springi bapa iliyo chini ya kitenzo ikiwa imelala, ikunje kidogo irudishe upinde wake.

Kama kibanio ni kizuri na randa bado inaruka na kuacha mawimbi juu ya mbao, ondoa kisu uone zile skrubu mbili zinazoshika tandiko. Zikaze. Kisha toa tandiko lenyewe na upanguse chini yake. Vumbi la mbao likikutana na unyevu wa ziwa hugeuka ukoko mgumu, na tandiko huketi juu ya ukoko huo badala ya chuma.

Nati imeganda kwa kutu

Wakati wa masika hili hutokea hata kwenye randa iliyokaa ndani. Loweka tandiko zima ndani ya mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi ipashe moto nati peke yake kwa pasi ya kuungia risasi. Shaba hutanuka kuliko chuma kwa joto lilelile, hivyo nati hulegea juu ya shina. Usipitishe moto wa gesi juu ya tandiko. Joto lisilo sawa hupasua chuma cha kumimina. Ifunge nati kwa kipande cha ngozi kabla ya kuishika kwa koleo, ili koleo lisile shaba, na kumbuka uelekeo wa uzi. Ikianza kusogea robo mzunguko, irudishe, tia mafuta, isogeze tena. Baada ya hapo tone la mafuta ya cherehani kwenye uzi, kwenye pini na kwenye mfereji linatosha. Grisi usitie, inashika mchanga.

Randa nisizozitengeneza ni zile ambazo masikio ya tandiko yanayoshika pini yamevunjika yote mawili, au mwili umepasuka kuvuka mdomo. Shaba itaushika ufa wa mdomo, lakini kitako hakitanyooka tena, na utasawazisha bila mwisho. Randa ya namna hiyo ivue nati, uma, kibanio, kifuniko na skrubu zote, uzipake mafuta, uzifunge kwenye kitambaa pamoja na alama ya namba ya randa zilikotoka.